Kugeza si Kurekebisha: Kipokezi cha Redio, Kigezo na Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu, baadhi ya wenzangu walidhani kwamba ningezungumzia fonolojia, taaluma ambayo imenilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Leo ninaomba ruhusa ya kuzungumzia kitu kingine ambacho hakijanilisha, bali mimi ndiye niliyekilisha: redio ya ridhaa. Neno ridhaa tumelizoea katika michezo, tunaposema ndondi za ridhaa. Mwendeshaji wa redio wa ridhaa ni mtu mwenye leseni anayewasiliana na wenzake duniani kwa mitambo yake mwenyewe, bila malipo, kwa ajili ya kujifunza.

Nianze kwa kuungama kosa. Mwaka 1994 niliombwa kuwaandalia vijana wachache maelekezo ya ukurasa mmoja kuhusu jinsi ya kupima usahihi wa kipokezi kwa kutumia kifaa kinachotoa mawimbi ya masafa yanayojulikana. Kifaa hicho nitakiita kizalishamawimbi, kwa kufuata muundo wa maneno kama kipazasauti na kipimajoto. Maelekezo niliyatafsiri kutoka Kiingereza, na katika mstari wa tatu niliandika: “Rekebisha kipokezi kwa kutumia kizalishamawimbi.” Niliporudi jioni nilimkuta kijana mmoja ameshika bisibisi. Alikuwa amezungusha kiini cha kila koili aliyoiona, na viini viwili vilikuwa vimepasuka. Kipokezi kilichokuwa kinasikia bara hadi bara sasa kilitoa mvumo tu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu: “Mwalimu, si umeandika rekebisha? Nami nimerekebisha.”

Hakukosea. Mwenye kosa alikuwa mwalimu wa lugha aliyeshindwa kuchagua kitenzi. Hoja yangu leo ni kwamba kugeza na kurekebisha ni vitendo viwili tofauti; kwamba Kiswahili kina maneno ya kuvitenganisha; na kwamba kuvichanganya kumetugharimu katika karakana, na vilevile katika namna tunavyozitazama lahaja zetu wenyewe.

2.0 Kitendo chenyewe

Ili hoja isielee hewani, hebu tukitazame kitendo chenyewe. Kipokezi nilichojifunzia ni cha aina iliyobuniwa na Edwin Armstrong mwaka 1918. Ndani yake mna osileta inayozalisha mawimbi yake yenyewe. Mawimbi hayo huchanganywa na yale yanayotoka kwenye antena, na tofauti ya masafa yao, ambayo katika kipokezi changu ni kilohezi 455, ndiyo inayokuzwa hadi kuwa sauti. Kwa hiyo nikitaka kusikia megahezi 7.000, osileta ya ndani yapaswa kuwa kwenye megahezi 7.455. Osileta ikihama kidogo kwa sababu ya joto au uzee, namba zilizoandikwa kwenye bamba hazitahama nayo. Bamba litaendelea kusema lilichosema siku ya kwanza, kama shahidi aliyekariri ushahidi wake.

Ugezi wa bamba hilo hufanyika hivi. Kwanza, vifaa vyote viwili huwashwa na kuachwa kwa muda wa nusu saa ili vipate joto lao la kawaida. Pili, antena huondolewa, na kizalishamawimbi huunganishwa mahali pake kwa kupitia kipunguzanguvu. Ikiwa chombo kinapokea na kurusha pia, kipazasauti chake huchomolewa kabisa, maana kubonyeza kitufe cha kurushia kwa bahati mbaya kwaweza kukiunguza kizalishamawimbi. Tatu, nguvu ya mawimbi huteremshwa hadi yasikike kwa shida. Nne, kizalishamawimbi huwekwa kwenye masafa fulani, kipokezi huzungushwa mpaka kiyapate, na namba inayoonekana kwenye bamba huandikwa daftarini kando ya namba ya kweli. Kisha tunakwenda kwenye masafa mengine.

Kwa nini nguvu iteremshwe? Kipokezi kina kidhibiti kinachopunguza ukuzi pale mawimbi yanapokuwa makubwa, ili sikio lisiumie. Ukimpa mawimbi makubwa, kidhibiti hicho kitakuonyesha uso uleule uwapo kwenye kilele na uwapo kando ya kilele. Zaidi ya hayo, mawimbi makubwa huingia kwa mlango wa nyuma. Kipokezi kilichowekwa kwenye megahezi 7.000, ambacho osileta yake iko kwenye 7.455, chaweza kuyasikia pia mawimbi ya megahezi 7.910, kwa kuwa nayo yana tofauti ileile ya kilohezi 455. Hicho ni kivuli, na asiyejua hukiandika daftarini kama kitu chenyewe. Wanafunzi wangu wa utafiti wa uwandani wataielewa tahadhari hii. Mtafiti anayemuuliza mzee kwa sauti ya mamlaka, “Ninyi hapa husema hivi, sivyo?” hupata jibu la “ndiyo” kutoka kila kijiji.

Haya ndiyo niliyoyaandika siku hiyo kuhusu kipokezi changu, kabla ya bisibisi kuingia. Masafa ya kweli yalipokuwa megahezi 3.500, bamba lilisoma 3.512. Yalipokuwa 7.000, bamba lilisoma 7.045. Yalipokuwa 10.000, bamba lilisoma 10.090. Ninaomba tuzingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba kosa si moja kwa bamba zima. Mwanzoni ni kilohezi 12, mwishoni ni 90. Anayepima mahali pamoja akadhani amepima kote, amejidanganya. La pili ni kwamba kosa hili si dogo. Katika kanda yetu, waendeshaji wa ridhaa wameruhusiwa kutumia mkanda wa mita 40 kuanzia megahezi 7.000 hadi 7.200. Mtu anayeamini bamba hilo, akalielekeza kwenye 7.020, kwa kweli atakuwa karibu na 6.975, yaani nje ya uwanja wake, katika shamba la watu wengine. Akirusha hapo, amevunja sheria huku akiapa kwamba ametii.

Hadi hapo hakuna kilichorekebishwa. Kipokezi kiko vilevile kilivyokuwa asubuhi. Kilichobadilika ni ujuzi wetu juu yake, na daftari lile likikaa kando ya kipokezi, mtu aweza kufanya kazi sahihi kwa chombo chenye kosa kwa miaka mingi. Huko ndiko kugeza.

Kurekebisha ni hatua nyingine, nayo hufanywa pale tu ugezi unapoonyesha kwamba inahitajika. Kuna utaratibu wake. Upande wa masafa ya chini hurekebishwa kwa kiini cha koili ya osileta. Upande wa juu hurekebishwa kwa kapasita ndogo iliyo sambamba nayo. Kila ugusapo upande mmoja, upande wa pili huhama kidogo, hivyo fundi huenda na kurudi mara kadhaa hadi pande zote mbili zitulie. Kijana wangu hakuwa na daftari wala hakujua kiini kipi kinahudumia upande upi. Karatasi yangu ilimrukisha hatua ya kwanza na kumtupa katika ya pili.

3.0 Kigezo nacho hugezwa

Mwanafunzi makini atauliza: na kizalishamawimbi chenyewe, ni nani aliyekithibitisha? Swali hili ndilo roho ya jambo zima. Kioo cha kwatsi kilichomo ndani ya kifaa cha bei nafuu chaweza kuwa na kosa la sehemu 20 katika milioni. Kwenye megahezi 10 hiyo ni hezi 200. Ni kidogo mno kwa bamba langu la kilohezi 90, lakini ni kubwa kwa yule anayetaka kuwa sahihi kwa hezi chache.

Jibu la jadi ni kukipeleka kwa kigezo kikubwa zaidi. Kituo cha WWV cha Marekani kilianza kutangaza masafa sanifu mwaka 1923, na tangu mwaka 1966 kinatangaza kutoka Fort Collins, Colorado. Masafa yake ni pamoja na megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20, nayo huongozwa na saa za atomu. Mtu hukitafuta kituo hicho hewani, kisha hukiwasha kizalishamawimbi chake karibu na antena kwenye masafa yaleyale. Mawimbi mawili yanayokaribiana hutoa mlio ambao masafa yake ni tofauti kati yao. Tofauti ikiwa hezi 200, utasikia mlio mzito. Ikipungua, mlio unashuka, unakuwa mapigo, na mwishowe sauti inapanda na kushuka polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Pumzi moja kwa sekunde ni tofauti ya hezi moja. Siku hizi waendeshaji wengi hutumia pia osileta inayoongozwa na satelaiti za GPS, ambazo nazo hubeba saa za atomu.

Fundisho hapa ni kwamba kigezo hakiheshimiwi kwa sababu hakina kosa. Kinaheshimiwa kwa sababu kosa lake linajulikana na limeandikwa. Nyuma yake kipo kigezo kingine, na nyuma ya hicho kingine, kama wapokezi wa riwaya: kila mmoja hutaja alipopokea.

4.0 Mita ya nguvu na salamu

Kizalishamawimbi hugeza pia mita inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokewa. Mita hiyo ina daraja 1 hadi 9. Kwa makubaliano ya jumuiya za kimataifa za redio ya ridhaa, daraja la 9 kwa masafa yaliyo chini ya megahezi 30 ni maikrovolti 50 kwenye mlango wa kipokezi chenye omu 50, na kila daraja moja ni desibeli 6, yaani volti hupungua kwa nusu. Hivyo daraja la 8 ni maikrovolti 25, la 7 ni 12.5, na kuendelea hadi daraja la 1 ambalo ni takribani maikrovolti 0.2. Nilipoipa mita yangu maikrovolti 50, mshale ulisimama kwenye 7. Kumbe kwa miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu wa mbali kwamba sauti zao ni dhaifu, wakati udhaifu ulikuwa wangu.

Hapa mwanaisimu hawezi kunyamaza. Katika mashindano ya redio ya ridhaa karibu kila mtu humpa mwenzake taarifa ya “tano tisa”, yaani unasikika wazi kabisa na kwa nguvu kamili, hata pale anapolazimika kumwomba arudie jina lake mara tatu. Je, huo ni uongo? Mimi nasema ni salamu. Sisi Waswahili tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Mgonjwa aliye kitandani akiulizwa “Hujambo?” atajibu “Sijambo”, kisha ndipo aanze kueleza maumivu yake. Neno “sijambo” limeacha kupima afya, likabaki kupima utu. Hakuna ubaya, alimradi daktari asiliandike katika faili. Kipimo kinachotolewa sawa kwa kila mtu kimeacha kuwa kipimo, na kazi ya ugezi ni kutukumbusha mpaka kati ya salamu na taarifa.

5.0 Istilahi

Sasa tuyarudie maneno. Katika tafsiri za kiufundi nilizowahi kuzisoma na kuzihariri, dhana hii moja imepewa vitenzi vingi: kurekebisha, kusawazisha, kulinganisha, kuhakiki, hata kusanifisha. Kila kimoja kina kazi yake halali, na ndiyo maana hakifai kubebeshwa kazi ya mwenziwe. Kurekebisha ni kukiondoa kitu katika hali mbaya na kukitia katika hali nzuri. Kusawazisha ni kuondoa tofauti baina ya vitu, kama vile kusawazisha kiwanja. Kuhakiki, kama Wakala wa Vipimo nchini Tanzania wanavyolitumia kuhusu mizani ya sokoni, ni kuthibitisha kwamba kifaa kiko ndani ya mipaka iliyoruhusiwa na sheria. Kulinganisha ni kutazama vitu viwili bila kusema ni kipi kilicho kipimo cha mwenziwe.

Lipo neno jingine, nalo halikuhitaji kubuniwa na kamati. Ni geza. Kitenzi hiki hubeba maana ya kupima kwa kulinganisha na ya kufuatisha mfano, na kutokana nacho tumepata kigezo, neno ambalo kila mwanafunzi hulitumia katika tasnifu yake bila kuuliza lilikozaliwa. Kigezo ni chombo cha kugezea, kama vile kifuniko kilivyo chombo cha kufunikia. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, ambako vipimo hulinganishwa na vipimo sanifu vya taifa. Kwa hiyo mfumo mzima tunao: geza, kugezwa, ugezi, kigezo. Mstari wangu wa tatu ungepaswa kusomeka hivi: “Geza bamba la kipokezi kwa kizalishamawimbi, uandike tofauti. Usiguse koili.” Maneno hayo kumi yangeokoa viini viwili.

Si kila tatizo la istilahi litatatuliwa kwa wepisi huo. Mfano ni neno masafa, ambalo nimelitumia jioni hii yote. Asili yake ni umbali. Watangazaji wakalitumia kwa urefu wa wimbi, wakasema masafa mafupi na masafa ya kati. Kisha likatumika kwa idadi ya mizunguko katika sekunde, na leo ndilo linaloandikwa katika leseni za utangazaji. Lakini urefu wa wimbi na idadi ya mizunguko huenda kinyume: kimoja kikipanda, kingine hushuka. Matokeo yake, “masafa mafupi” ni masafa ya juu! Mwanafunzi wa fizikia anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani mwalimu amechoka. Sipendekezi tulifute neno lililokwisha kuota mizizi. Napendekeza tufanye kama nilivyofanya na bamba langu, yaani tuiandike tofauti kando yake: masafa kwa mizunguko, urefu wa wimbi kwa urefu, na “masafa mafupi” ibaki kuwa jina la mkanda, kama jina la ukoo lisilohitaji kutafsiriwa.

6.0 Kigezo na lahaja

Nimebakiza jambo lililonifanya niikubali mada hii. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji huo. Siulaumu uamuzi. Vitabu vya shule vilihitaji kigezo, na kigezo hakina budi kuwa kimoja. Swali langu ni hili: baada ya kupata kigezo, je, lahaja nyingine tulizigeza, au tulizirekebisha?

Mtoto wa Mombasa asemaye mato, mtele na ndia, pale vitabu vinaposema macho, mchele na njia, hana makosa yaliyotawanyika ovyo. Ana tofauti yenye utaratibu: palipo na ch ya Kiunguja ana t, palipo na nj ana nd. Hata hivyo tofauti hiyo nayo, kama ile ya bamba langu, si moja kwa bamba zima. Mtoto huyohuyo hunywa chai wala hanywi “tai”, kwa sababu neno hilo liliingia kwa njia nyingine na wakati mwingine. Mwalimu aliyegeza hujua hayo yote. Humfundisha mtoto kusoma bamba lake mwenyewe na kupata namba ya vitabuni, naye mtoto hutoka darasani akiwa na lahaja mbili. Mwalimu aliyeshika bisibisi humwekea alama ya kosa na kuzungusha kila kiini. Wako waliopasuka. Wanafunzi wengi wa pwani wamenieleza kwamba walijifunza kunyamaza darasani katika lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Kiunguja hakikuchaguliwa kuwa kigezo kwa sababu lahaja nyingine zilikuwa mbovu, kama vile kizalishamawimbi si chombo bora kuliko kipokezi. Kizalishamawimbi peke yake hakisikii chochote. Kazi yake ni kusimama mahali panapojulikana ili wengine wajue walipo. Na kama nilivyosema, kigezo nacho hugezwa. Kiswahili sanifu cha leo si kile cha mwaka 1930, na kila toleo la kamusi linalokubali neno kutoka Lamu, Pemba au Lubumbashi ni kigezo kinachokubali kusikiliza mlio wa tofauti yake.

7.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, kipokezi kile tulikirudisha katika hali yake baada ya siku mbili, kijana yule na mimi, tukienda na kurudi kati ya kiini na kapasita. Viini viwili vilivyopasuka tulivibadilisha kwa vile vya redio kuukuu. Kabla hatujagusa chochote, kijana alichukua daftari, akapiga mistari mitatu ya wima, na juu yake akaandika kwa hati nzuri: “Kweli”, “Bamba”, “Tofauti”.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Kwa wanafunzi wanaokwenda uwandani mwezi ujao, nawaomba mchukue la namna hiyo. Kigezo kiwe safu ya kwanza. Anachosema mzee kiwe safu ya pili, kama alivyokisema. Na safu ya tatu iitwe tofauti, wala isiitwe kosa.